Hoki ya barafu bila kutoboa mfuko: tumwanzishe vipi binti yetu?

Swali: Tunaishi Marekani na tuna watoto watatu. Binti yetu wa miaka 7 alialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake katika uwanja wa barafu, na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine ila hoki. Mume wangu anasema huo ni mchezo wa wenye nazo. Jirani yetu, ambaye wanawe wawili wanacheza, alitutajia gharama zake tukabaki midomo wazi. Isitoshe, mwanawe mkubwa siku hizi analia kila akiambiwa avae vifaa. Je, familia ya kipato cha kawaida inaweza kumwingiza mtoto kwenye mchezo huu bila kuzama kwenye madeni, na bila kumfanya mtoto auchukie? Nina pia mvulana wa miaka 11 ambaye ameanza kumwonea dada yake wivu, na kitinda mimba wa miaka 5. — *Mama wa watatu*

Jibu: Mama wa watatu, jirani yako hakukudanganya. Mwaka 2019 taasisi ya Aspen Institute iliwauliza wazazi wa Marekani wanatumia kiasi gani kwa michezo ya watoto wao. Hoki ya barafu ilitoka ya kwanza kwa ughali: wastani wa dola 2,583 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Lakini usiiangalie namba hiyo ukakata tamaa. Wastani huo umemweka kwenye kapu moja mtoto anayecheza Jumamosi asubuhi karibu na kwao na yule ambaye timu yake inalala hotelini kila wiki ya pili.

Nimefundisha watoto wa umri wa binti yako kwa misimu mingi, na nimeona familia za kila kipato zikiingia na kutoka. Fedha nyingi huliwa na maamuzi ya sisi watu wazima: barafu inagawanywa vipi, timu inasafiri mbali kiasi gani, vifaa ni vipya au vya mtumba, na mtoto anaharakishwa kupanda ngazi mapema kiasi gani. Na nikikutazama wewe na huyo mtoto wa jirani anayelia, nakwambia hivi: katika umri wa miaka 7, uamuzi ulio nafuu karibu kila mara ndio huohuo unaomfurahisha mtoto.

Tuanze na barafu, maana huko ndiko pesa za klabu zinakoishia. Chini ya barafu ya ukumbini kuna sakafu ya zege iliyopitishiwa mabomba yenye kimiminika baridi, na mashine za kupoza zinanguruma usiku na mchana. Klabu inakodi uwanja kwa saa, na bei ya saa ni ileile wakiingia watoto 15 au wakiingia 45. Timu moja ikichukua uwanja wote peke yake, wazazi 15 wanagawana bili. Timu tatu zikiingia pamoja na kila moja ikapewa kipande chake, mzigo wa kila mzazi unashuka hadi theluthi.

Mzazi akisikia hivyo hudhani mtoto wake anapunjwa. Hebu fikiria uwanja wenyewe. Kwa kawaida hapa Marekani una urefu wa karibu mita 61 na upana wa mita 26. Mweke humo mtoto wa miaka 7 ambaye bado anajifunza kusimama. Mwenzake mmoja aliyetangulia kujifunza anachukua kisahani, kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania, anakwenda nacho moja kwa moja hadi golini, na wengine tisa wanamfuata nyuma kama vifaranga. Wakifika, mchezo umeshageukia upande wa pili. Nimeona mtoto akimaliza zamu yake yote bila gongo lake kugusa kisahani hata mara moja. Akitoka nje anasema amechoka, na kweli amechoka, lakini hoki hajacheza.

Kwa sababu hiyo chama cha hoki cha Marekani, USA Hockey, kilianzisha mwaka 2009 mpango wake wa kukuza wachezaji, unaoitwa American Development Model, ambao kwa watoto wa miaka 8 kushuka chini unataka michezo ifanyike kwenye kipande cha uwanja, kwa kuukata kwa upana. Kuna pia kisahani cha buluu kwa ajili yao, cha gramu 113 hivi badala ya gramu 170 za kile cheusi, ili mikono midogo iweze kukipiga na hata kukinyanyua. Kwenye kipande kile kidogo hakuna pa kujificha. Kisahani kinamfikia kila mtoto, anapokonywa, anakipokonya tena, anaanguka, anaamka. Klabu ikikwambia watoto wake wadogo wanafanya mazoezi timu tatu kwa wakati mmoja, kwa vituo vituo, ujue umefika mahali pazuri. Ikijisifu kwamba watoto wa miaka 7 wanacheza uwanja mzima "kama wakubwa", unalipa zaidi ili mwanao aguse kisahani mara chache zaidi.

Sasa vifaa, ambako wazazi wapya hupoteza pesa kwa nia njema kabisa. Orodha ni ndefu: viatu vya kutelezea, helmeti yenye kizuizi cha uso, kinga ya shingo, ya mabega, ya viwiko, ya ugoko, ya sehemu za siri, suruali yenye sponji, glavu, gongo. Kabla hujanunua chochote, uliza klabu kama ina stoo ya kuazimisha. Klabu nyingi zinayo. USA Hockey huandaa siku za kujaribu hoki bure, ambapo mtoto huingia kwenye barafu na vifaa huazimwa palepale. Timu nyingi za NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, nazo zina mpango wa Learn to Play kwa watoto wa miaka 5 hadi 9 wanaoanza, na mtoto hupewa seti nzima ya vifaa, kuanzia kichwani hadi miguuni, ambavyo vinakuwa vyake. Nafasi hujaa upesi, kwa hiyo jiandikishe siku orodha inapofunguliwa.

Usipopata huko, nenda kwenye mtumba bila aibu yoyote. Watoto hukua haraka kuliko vifaa vinavyochakaa. Kinga za ugoko, viwiko na mabega, suruali na glavu hupita kutoka mtoto hadi mtoto zikiwa bado imara. Mwisho wa msimu ndio wakati wa kununua, kwa sababu kila mzazi anataka kuondoa begi lile gereji.

Kwenye helmeti nakuwa mkali. Usinunue helmeti ya mtumba kwa mtu usiyemjua, kwa kuwa huwezi kuona kwa macho kama imeshawahi kupigwa pigo zito. Tafuta nyuma yake kibandiko cha HECC, baraza linalothibitisha vifaa vya hoki. Uthibitisho huo una ukomo wa miaka sita na nusu tangu helmeti itengenezwe, na tarehe imeandikwa hapohapo. Kinga ya shingo pia si ya hiari tena: tangu tarehe 1 Agosti 2024, USA Hockey inaitaka kwa wachezaji wote wa madaraja ya chini ya miaka 18, mazoezini na mechini. Hapa weka pesa mpya, na ubane kwingine.

Viatu vinastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kama mtoto atarudi wiki ya pili. Kosa ninaloliona kila msimu ni la mzazi mwenye busara ya nyumbani: ananunua kikubwa ili mtoto akivae miaka miwili. Kwenye kiatu cha shule busara hiyo inafaa. Kwenye barafu, mguu unaoogelea ndani ya kiatu unalala upande, kifundo kinapinda ndani, na mtoto anasimama kwenye ngozi ya kiatu badala ya wembe wake, ule ubapa wa chuma ulio chini ya kiatu. Baada ya dakika kumi anakwambia miguu inauma, nawe unadhani hana nguvu. Viatu hivi kwa kawaida huwa vidogo kuliko namba ya raba zake, kwa namba moja au moja na nusu. Mpime hivi: legeza kamba zote, mwambie asukume mguu mbele hadi vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole chako kimoja nyuma ya kisigino. Kikipita kwa shida kidogo, umepata. Vikiingia viwili, rudisha. Halafu mwambie agonge kisigino sakafuni ili mguu urudi nyuma, ndipo ufunge kamba. Vuta kwa nguvu zaidi pale mguu unapopinda, na ulegeze kidogo juu ya vidole.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengine husahau kulisema. Viatu vipya hutoka kiwandani bila kunolewa. Nimempokea mtoto kwenye zoezi la kwanza akiwa na viatu vinavyong'aa, anaanguka kila anapojaribu kusukuma mguu, na mama yake kando ya uwanja anapangusa machozi. Nilimketisha mtoto, nikapitisha ukucha wangu taratibu juu ya ukingo wa wembe. Wembe wa kiatu cha hoki una mfereji katikati na kingo mbili, na ukingo ulionolewa hukwangua unga mweupe kwenye ukucha. Wa yule mtoto ulipita kama kijiko. Tulimpeleka kwa mnoaji wa palepale uwanjani, akarudi robo saa baadaye, akasimama. Tatizo halikuwa mtoto. Baada ya kunoa, asitembee juu ya zege hata hatua tatu. Apite kwenye zulia la mpira tu au avalishe wembe kifuniko, na akitoka kwenye barafu wembe ufutwe kwa kitambaa kikavu usipate kutu.

Gongo lisikutese. Kwa umri wake, la mbao au la bei ya chini linatosha kabisa. Akiwa peku, lifike puani. Akiwa na viatu vya kutelezea, litafika kidevuni. Likiwa refu, likate kwa msumeno, ila ujue kwamba gongo lililokatwa huwa gumu zaidi kupinda, kwa hiyo usinunue la mtu mzima ukalikata nusu. Yale magongo ya bei ya kutisha yametengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye uzito wa kuyapinda, na binti yako hawezi.

Akitaka kuwa kipa, na wengi hutaka kwa sababu wanapenda ile barakoa, usikimbilie kununua. Vifaa vya kipa ni mzigo wa peke yake. Klabu nzuri huwa na seti ya kuzungusha, kila mtoto akijaribu kwa zamu.

Na mkifika nyumbani, toa kila kitu ndani ya begi ukianike. Nasema hivi kwa sababu vifaa vinavyokaa vimeloa huoza, hunuka, na huwezi tena kumpa mdogo wake wala kuviuza.

Kuhusu safari sina mengi. Mtoto wa miaka 7 hahitaji mashindano ya mbali. Anahitaji barafu iliyo karibu kiasi kwamba arudi nyumbani ale na ndugu zake. Ukija kufikia huko siku moja, soma masharti ya mashindano kabla ya kukubali, kwa maana mengine huilazimisha timu kulala kwenye hoteli zilizoteuliwa na waandaaji, na huwezi kulala kwa shangazi yako aliye mtaa wa pili hata ukitaka.

Mchujo ndio uliomliza mtoto wa jirani yako, nadhani, ingawa simjui. Klabu nyingi hupanga watoto kwa viwango, na wazazi huanza kulipia makocha binafsi na kambi za kiangazi ili mtoto wa miaka 9 asiachwe. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki. Waligundua kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu. Sababu yake ni rahisi. Watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, na wa Januari ana takriban mwaka mzima wa kukua kumzidi wa Desemba. Kocha anaona mtoto mkubwa, anamwita mwenye kipaji, anampa barafu zaidi na makocha wazuri zaidi, na miaka mitano baadaye kweli anakuwa bora. Kwa hiyo binti yako akikosa timu ya kwanza akiwa na miaka 9, kitu kilichopimwa kinaweza kuwa kalenda tu. Usikilipie.

Norway wameliona hilo kwa upana zaidi. Kanuni za michezo ya watoto kule haziruhusu orodha za matokeo wala misimamo ya ligi kwa walio chini ya miaka 11. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Norway imekosa wanamichezo.

Kiangazi, muache apumzike na barafu. Acheze mpira, aogelee, apande miti. Wayne Gretzky, ambaye hakuna aliyemfikia kwa pointi katika NHL, alikulia kwenye barafu ambayo baba yake aliimwagia maji uani Brantford, Ontario, na majira ya joto alikuwa akicheza besiboli na lakrosi. Hamu ya hoki ikimshika wakati huo, gongo na mpira mwepesi kwenye njia ya gari vinatosha. Kuna pia floboli, mchezo uliozaliwa Sweden: kipira chepesi cha plastiki cha gramu 23 chenye matundu 26, gongo fupi, na sakafu ya ukumbi wa shule. Unafundisha macho na mikono ileile, wala hauhitaji wembe wala saa ya barafu.

Umeniuliza pia kuhusu kutomchosha. Mtafiti Amanda Visek wa Chuo Kikuu cha George Washington na wenzake waliwauliza wachezaji watoto wa soka ni nini hasa kinachowafurahisha mchezoni, na yakakusanywa mambo 81. Kujitahidi, kuelewana na wenzao na kocha anayewatendea vizuri vilikuwa juu. Kushinda kulikuwa mbali sana chini, nyuma ya mambo mengi ambayo sisi wazazi hatuyafikirii. Barafu haibadilishi hilo. Ninawaona watoto wangu wakifurahi zaidi dakika tano za mwisho, ninapotupa visahani vyote chini na kusema hakuna kocha tena.

Nikuombe jambo moja tu la ndani ya gari. Mkiwa njiani kurudi, usiuchambue mchezo. Mtoto amefungwa mkanda, hawezi kwenda popote, na kila swali lako, hata lile la upole kama "mbona hukupiga golini?", analisikia kama hukumu. Mwambie ulifurahi kumtazama, halafu nyamaza. Akitaka kuongelea hoki ataanza mwenyewe. Akitaka kuongelea kitu kingine, hiyo pia ni habari njema.

Kabla ya kusaini klabuni, mwandikie mtunza hazina au mratibu, mapema, kabla fomu hazijafungwa. Muulize kama ada inaweza kulipwa kwa awamu, kama kuna mfuko wa kusaidia familia na nani anaona maombi (klabu yenye heshima huyaweka siri kati ya watu wawili watatu), kama ada ina sare na mashindano au hizo ni bili nyingine zinazokuja Novemba. Uliza pia kuhusu saa za kujitolea. Klabu nyingi hudai kila familia ifanye saa kadhaa, kuuza tiketi, kuendesha saa ya mchezo, kusimamia mlango. Hushika hundi yako kama dhamana, na usipozifanya wanaiweka benki. Chagua kazi yako msimu unapoanza, zile rahisi zikiwa bado zipo. Huyo wa miaka 5 akitaka kujiunga, USA Hockey haitozi ada ya uanachama wa kitaifa kwa watoto wa miaka 6 kushuka chini. Utalipia ya klabu tu.

Na kaka yao wa miaka 11 hajachelewa. Tangu mwaka 2011 Marekani iliondoa ruhusa ya kumkumba mpinzani kwa mwili katika daraja la miaka 12 kushuka chini. Sasa inaanza daraja la miaka 14. Kwa hiyo ana muda wa kujifunza kuteleza na kushika kisahani bila mtu kumgonga ukutani. Mtafutie klabu yenye kundi la wanaoanza wa umri wake, asichanganywe na watoto wa miaka 6, kwa maana mvulana wa umri huo atavumilia kuanguka lakini hatavumilia kuangukia kati ya watoto wadogo. Waende wote wawili siku moja ya kujaribu bure, yeye na dada yake, kwa vifaa vya kuazima. Chukueni pia rula ya kupimia miguu, maana huko mtapata pia wazazi wenye mabegi ya kuuza.